Sura ya Nne: Jumba la Tharia Topan

Ukitoka bandarini Malindi na kuifuata barabara ya Mizingani kuelekea Forodhani, mkono wa kushoto utaliona jumba ambalo ni shida kulipita bila kusimama. Lina ghorofa nne. Roshani zake za mbao zimetokeza juu ya njia, zimechongwa na kutobolewa kila pahala penye nafasi ya patasi kupita. Kuta zimejaa nakshi za chokaa, madirisha yana vioo vya rangi, na mbele yake hakuna kitu ila barabara na bahari. Wenyeji wanaliita Dispensari ya Zamani. Hatua chache mbele uko Mtini, ule mti mkubwa uliopandwa mwaka 1911, ambao manahodha na mabaharia wa mashua wamekaa chini ya kivuli chake vizazi kwa vizazi.

Mji Mkongwe wa Unguja una majengo 1,700 hivi, na mengi yana hadithi ya kutosha kujaza sura nzima. Nimelichagua hili kwa sababu moja. Miaka ya 1980 lilikuwa limekwisha kuhesabiwa miongoni mwa majumba yanayokufa, na halikufa. Kujua nini kililiua nusu, na nini kikaliinua, ni kujua karibu kila kitu kinachohitajika ili mji ule uendelee kusimama.

Tuanze na mwenyewe. Tharia Topan alizaliwa Kutch, pwani ya kaskazini-magharibi ya Bara Hindi, akaja Unguja kwa jahazi akiwa bado kijana mdogo. Alikuwa Khoja Ismailia, na baadaye akawa mmoja wa viongozi wa jamaa yake mjini. Alianza na kazi ndogondogo za biashara, akapanda daraja baada ya daraja, hadi jina lake likajulikana kutoka Bombay mpaka Ujiji.

Ili kuelewa utajiri wake yafaa kuelewa forodha ya zama zile. Sultani hakuwa na jeshi la makarani wa kukusanya ushuru. Aliikodisha forodha kwa mfanyabiashara mmoja, ambaye aliahidi kumlipa kiasi maalumu kila mwaka, kisha akatoza ushuru mwenyewe, na kilichozidi kikawa halali yake. Kwa miongo mingi kazi hiyo ilishikwa na nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mhindi wa jamii ya Bhatia kutoka Kutch hiyohiyo. Mwaka 1876 ikaingia mikononi mwa Tharia. Aliyeshika forodha alijua kila mzigo ulioingia na kila mzigo uliotoka, alijua nani anadaiwa na nani ana pumzi ya kukopa tena. Ujuzi huo peke yake ulikuwa mtaji.

Mtaji wa pili ulikuwa mkopo wenyewe. Misafara ya bara haikuondoka Bagamoyo kwa mikono mitupu. Ilihitaji marobota ya vitambaa, shanga, waya za shaba na bunduki, na vitu hivyo vilitolewa kwa mali kauli na Wahindi wa Unguja, vilipwe kwa pembe za ndovu msafara utakaporudi. Hamad bin Muhammad el-Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip, anamtaja Tharia katika habari za maisha yake alizozieleza kwa Kiswahili. Ndiye aliyemwamini na kumpa bidhaa za kwendea bara. Na pembe zile zilifika pwani mabegani mwa watu. Wengine walikuwa wapagazi wa mshahara, Wanyamwezi walioijua kazi hiyo kuliko yeyote, na wengine walikuwa watumwa, waliotekwa katika vijiji vilivyochomwa na watu wa Tippu Tip. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini fedha iliyokwisha kupatikana haikurudi kwa mtu. Anayesimama chini ya zile roshani na kusifu uchongaji wake anapaswa kulibeba na hilo pia. Sioni namna ya kuupenda uzuri wa jumba hili huku nikiifumbia macho njia ambayo fedha yake ilipita.

Kwa nini basi tajiri huyo alijenge jumba hili ili liwe hospitali ya maskini? Sehemu ya jibu ni kipindupindu. Unguja ilipigwa na maradhi hayo mara kwa mara katika karne ya 19, na pigo la 1869 hadi 1870 lilikuwa kubwa mno. Daktari Mskochi James Christie, aliyekuwa akiishi mjini wakati huo, aliandika kitabu kizima kuhusu kipindupindu cha Afrika ya Mashariki, kikatoka mwaka 1876. Wenye mali walikuwa na waganga wao, na wageni wa Ulaya walikuwa na madaktari wa meli za kivita na wa misheni. Hamali wa bandarini, baharia wa jahazi, muuza kuni wa Ng'ambo, hao walikuwa na Mungu na jirani. Sultan Barghash alifanya jambo kubwa alipovuta maji safi ya chemchemi kwa mfereji hadi mjini. Nyumba za kuwatibu wasio na kitu zilikuwa bado hazitoshi.

Sehemu ya pili ya jibu ni siasa. Mwaka 1887 Malkia Victoria wa Uingereza alitimiza miaka 50 ya utawala, na katika kila bandari ambamo raia wake wa Kihindi walifanya biashara, matajiri walitafuta namna ya kuonyesha utii. Tharia, ambaye Malkia alimpa cheo cha Sir, aliamua kutoa hospitali. Jiwe la msingi likawekwa mwaka huo. Nia mbili, ya kusaidia maskini na ya kumridhisha mkubwa, zilikaa ndani ya jiwe moja, na sioni haja ya kuzitenganisha. Waqfu nyingi za mji huu zilianza hivyo hivyo.

Ujenzi haukwenda haraka, na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Barghash alifariki mwaka 1888. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuichukua bara iliyokuwa ikilisha biashara ya Unguja, na mwaka 1890 Unguja yenyewe ikawa chini ya himaya ya Waingereza. Mwaka 1891 Tharia akafariki, jumba likiwa halijakamilika. Aliyelimalizia ni mjane wake, Janbai. Historia ya Mji Mkongwe imeandikwa kwa majina ya wanaume, ya masultani na mabalozi na wafanyabiashara, na mara nyingi mke hutajwa kama anayefuata tu. Hapa mambo ni kinyume: mume aliweka jiwe la msingi, na mke ndiye aliyetupatia nyumba. Kazi iliongozwa na Hashem Virjee, fundi mjenzi kutoka India, na mwaka 1894 ikakamilika.

Sasa tuliangalie lilivyojengwa, maana hapa ndipo penye utamu.

Mifupa ya jumba hili ni ileile ya nyumba zote za mawe za pwani. Jiwe lake ni tumbawe, lililochimbwa ardhini, jepesi, limejaa vitundu. Ukuta wa Unguja hujengwa kwa nyuso mbili za mawe yaliyopangwa, moja ya nje na moja ya ndani, na katikati hujazwa vijiwe, udongo mwekundu na chokaa. Unene wake aghalabu hufika nusu mita na kuzidi. Chokaa yenyewe hutokana na tumbawe hilohilo: mawe hupangwa juu ya duara kubwa la magogo, moto ukawashwa, ukawaka usiku na mchana, na mawe yakageuka kuwa meupe na kupasuka. Kisha huzimwa kwa maji na kuachwa ikae. Fundi mwenye haya hatumii chokaa ya jana. Huiacha miezi kadhaa shimoni, ikiwa imefunikwa na kulowanishwa, mpaka iwe laini kama samli.

Dari na sakafu hushikwa na boriti za mkoko. Boriti nzuri haiendi zaidi ya mita tatu hivi, na ndiyo maana vyumba vya zamani vya mwambao, kuanzia Lamu hadi Kilwa, ni virefu lakini vyembamba: mti uliamua upana, na mwenye nyumba akatii. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa, juu ya mawe humwagwa zege la chokaa, na juu ya zege hupanda watu wenye vibao vya kupigia. Hupiga pamoja, kwa wimbo, siku baada ya siku, mpaka maji yote yatoke na sakafu ishikane. Kazi hiyo haina mkato. Ikiachwa kabla ya wakati wake, sakafu hupasuka na mvua ya kwanza hupita.

Hiyo ndiyo mifupa. Sura ni jambo jingine. Nyumba ya Kiarabu ya Unguja, kama walivyoijenga Waomani, huuficha uzuri wake. Nje ni ukuta mkubwa mtupu, na kama kuna pambo basi ni mlango wa msaji wenye minyororo na maua yaliyochongwa. Maisha na fahari viko ndani, kuzunguka ua. Nyumba ya Kihindi hugeukia njia: duka chini, jamaa juu, na roshani inayoiunganisha familia na watu wanaopita. Jumba la Tharia limechukua ile ya pili na kuikuza mpaka ikawa kitu ambacho mji haukuwa nacho. Roshani zimepandishwa ghorofa juu ya ghorofa, na mbao zimechongwa kwa mkono wa Kigujarati. Nakshi za chokaa ukutani, zenye majani na mashada, zinafuata mtindo wa Ulaya uliokuwa ukitumika katika miji ya India chini ya Waingereza. Huko ndani mna ua ulio wazi tangu chini hadi juu, umezungukwa na varanda za kila ghorofa, na huu ni urithi ambao Mwarabu, Mswahili na Mhindi wote wanaudai.

Ua huo haukuwekwa kwa urembo. Hewa ya joto hupanda kupitia katikati na kutokea juu, na upepo wa bahari huvutwa ndani kupitia madirisha ya mbele. Madaktari wengi wa zama hizo waliamini kwamba hewa nzito na iliyotuama ndiyo huleta maradhi, hivyo hospitali nzuri ilikuwa hospitali inayopumua. Nadharia yao ilikuwa na kasoro, lakini jengo lililotokana nayo ni zuri kukaa. Ingia humo saa nane mchana, mwezi wa Februari, kaskazi ikivuma, na utaona tofauti na njia uliyotoka. Alasiri jua linapogeukia upande wa bahari, vioo vya rangi humwaga rangi zake juu ya sakafu na ngazi.

Kuna jambo moja dogo ambalo wageni hulipita. Tazama zile roshani kutoka chini, si kutoka ng'ambo ya barabara. Utaona kwamba hata sehemu ya chini, ile ambayo haionekani ila na mtu anayepita karibu kabisa na ukuta, imepambwa. Aliyepita karibu na ukuta ule ni nani? Ni hamali mwenye mzigo na mgonjwa anayetafuta mlango. Mafundi walichonga na kwa ajili ya macho yao.

Kwa hospitali kamili kama alivyoikusudia mwenyewe, jumba halikupata kutumika. Kufikia 1900 lilikuwa limenunuliwa kwa mali ya mfanyabiashara mwingine wa Kihindi, Nasser Nur Mohamed, ambayo ilitumika kwa mambo ya kheri. Ghorofa ya chini ikawa dispensari, na za juu zikagawanywa kuwa makazi ya wapangaji. Hapo ndipo nyumba ilipopata jina linaloitwa hadi leo. Cheo cha Malkia, sherehe ya jiwe la msingi, jina la tajiri, vyote vimesahauliwa na wengi. Kilichobaki midomoni mwa watu ni mahali pa kupata dawa.

Mpangilio huo wa dawa chini na familia juu uliliweka jumba hai kwa zaidi ya nusu karne. Watu waliokaa humo walitia kibandiko palipopasuka, walizibua mifereji ya paa kabla ya masika, walipaka chokaa kabla ya Idi au Diwali. Baada ya Mapinduzi ya 1964 jamaa nyingi za Kihindi ziliondoka, jumba likawa mali ya serikali, na kazi zile ndogondogo zikakosa mwenyewe. Hakuna aliyelibomoa. Liliachwa tu.

Nyumba ya mawe na chokaa ikiachwa hufa kwa utaratibu unaojulikana. Huanzia juu. Mfereji wa paa unaziba kwa majani na kinyesi cha njiwa, maji ya masika yanatuama, yanatafuta ufa, yanapata. Yakiingia ndani ya ukuta hayatoki upesi. Yanaufuata ule ujazo wa katikati, yanausuuza udongo na chokaa hadi unashuka na kujikusanya chini. Nyuso mbili za ukuta zinaachana. Ukuta unatoa tumbo. Wakati huohuo ncha za boriti zilizozikwa ukutani zinaoza, mahali ambapo jicho halifiki, na sakafu inabaki inaning'inia kwa mazoea. Anayekaa humo haoni kitu mpaka asubuhi moja mlango unagoma kufunga.

Baya zaidi ni dawa isiyofaa. Katika miaka ya ukosefu, na hata leo, mwenye nyumba akiona lipu imebambuka huita fundi aje na mfuko wa saruji. Saruji inapendeza kwa mwaka mmoja au miwili. Lakini ukuta wa tumbawe unanyonya unyevu wa ardhini na wa hewa ya bahari, na chokaa huuachia unyevu huo utoke taratibu. Saruji huufungia. Chumvi inakusanyika nyuma yake, jiwe linageuka unga, na siku saruji inapodondoka hudondoka pamoja na uso wa ukuta. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilizoanguka, zilianguka huku zimevaa lipu mpya ya saruji. Laiti kila mkataba wa ukarabati ungeanza na sharti hilo moja!

Mwaka 1990 Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan ulilichukua jumba kwa makubaliano na serikali, na katika nusu ya kwanza ya muongo huo likakarabatiwa, kisha likafunguliwa kuwa kituo cha utamaduni. Kwa hiyo karibu karne nzima baada ya Tharia kufa, jamaa ya dini yake, Waismailia wanaomfuata Aga Khan, ilirudi kulishika jiwe alilolianzisha. Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Paa liliruhusu maji, kuta zilikuwa zimelowa, na roshani, ambazo ndizo fahari ya jumba, zilikuwa zimeoza sehemu kubwa. Kila kipande kilichooza kilipaswa kuchongwa upya kwa kufuata kilichosalia, ua kwa ua na tundu kwa tundu. Vijana wa Unguja walifundishwa kazi hizo papo hapo, jengo lenyewe likiwa skuli yao. Kwangu mimi faida hiyo inalingana na jumba lenyewe, kwa sababu mkono uliokwisha jua kuchonga roshani moja unaweza kwenda kwenye nyumba ya pili.

Wapo wanaolalamika kwamba jumba la maskini sasa ni la ofisi, maonyesho na wageni, na kwamba wagonjwa wa mjini wanakwenda hospitali ya Mnazi Mmoja. Ni kweli. Naelewa uchungu wao na nauheshimu. Lakini ghorofa nne za tumbawe na mbao mbele ya bahari zinakula fedha kila mwaka, na dispensari ya bure haiwezi kuzilisha. Swali ninalolipa uzito ni kama kinachopatikana humo kinarudi kwenye paa.

Maana jirani yake mmoja anatuonyesha upande wa pili. Mwendo mfupi kutoka hapo, kwenye barabara hiyohiyo, Sultan Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, jumba lenye nguzo ndefu za chuma, lililokuwa la kwanza mjini kupata taa za umeme. Lilinusurika mizinga ya manowari za Kiingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyomalizika kwa muda usiotimia saa moja. Halikunusurika unyevu. Mwaka 2012 sehemu yake ilianguka, na tarehe 25 Disemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, upande mzima wa mbele uliporomoka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili waliokuwa kazini walifariki. Mji Mkongwe ulikuwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na orodha haikuzuia tone moja la maji.

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe leo ni za serikali, za Wakfu na Mali ya Amana, au za jamaa zilizotawanyika kati ya Maskati, Toronto na Dar es Salaam, warithi ishirini kwa paa moja. Kodi ya mpangaji haitoshi hata kununua mbao. Mamlaka ya mji mkongwe, iliyoanzishwa mwaka 1985, inaweza kumkataza mtu asijenge vibaya, lakini haiwezi kumpa fedha ya kujenga vizuri. Na hata fedha ikipatikana, nyenzo ni adimu. Magogo ya tanuri yamepungua visiwani, mikoko inalindwa, na inapaswa kulindwa. Mafundi waliojifunza Mizingani miaka ya 1990 sasa ni watu wazima, na vijana wengi wa leo wamefundishwa kuchanganya saruji peke yake.

Ndiyo maana ukikutana na mtu aliyepewa kazi ya kutengeneza nyumba ya mawe, mwulize kwanza chokaa yake iko wapi. Kama kuta zinapangwa kupigwa lipu baada ya masika ya mwakani, chokaa hiyo inapaswa kuwa imekwisha kuchomwa, imekwisha kuzimwa, na iko shimoni sasa hivi.